Mashindano 22, pointi 5: niendelee kuzunguka au niende chuo?

Shikamooni kaka na dada wa safu hii,

Mimi ni kijana wa miaka 19, nacheza tenisi kwa mkono wa kulia. Miezi 8 iliyopita niliachana na mashindano ya vijana nikaanza ya kulipwa, yale ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Yote niliyocheza ni ya ngazi ya chini, M15. Mpaka leo ni mashindano 22 katika safari 5: wiki 4, wiki 5, wiki 4, wiki 5, kisha wiki 4 tena. Katikati nakaa nyumbani kama wiki 3.

Mechi za mchezaji mmoja mmoja nimeshinda 24 na kupoteza 22. Mara 14 niliishia kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi ya kuingia droo kuu. Mara 8 niliingia droo kuu: 4 nilitolewa raundi ya kwanza, 3 raundi ya pili, na mara 1 nilifika robo fainali. Kwa hiyo nina pointi 5 za ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kati ya zile mechi 14 za mchujo, 7 zilinitoka kwenye taibreka ya pointi 10 inayochezwa badala ya seti ya tatu.

Kocha wangu hasafiri nami, fedha hazitoshi. Nikirudi nyumbani nakuwa na hasira na nafsi yangu, kesho yake tu niko uwanjani napiga sevu (mpira wa kuanzishia pointi) 150 kwa siku. Nina raketi 2, nyuzi za poliesta, mkazo kilo 26, na nafunga mpya zikikatika. Naondoka na kilo 74, narudi na 71.

Miezi 2 sasa mgongo unaniuma sehemu ya chini, upande wa kushoto, nikijipinda nyuma kupiga sevu. Nikimeza vidonge vya maumivu kabla ya mechi unatulia.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Wiki iliyopita mtu nisiyemfahamu alinitumia ujumbe Instagram. Anataka nipoteze seti ya kwanza tu, halafu nicheze nitakavyo, naye atanipa dola 2,000. Sikumjibu. Ujumbe bado ninao.

Na la mwisho: chuo kikuu kimoja cha Marekani kimenipa nafasi katika timu yao kuanzia Agosti, wanataka jibu mwisho wa mwezi huu. Baba anasema kwenda chuo ni kukubali kushindwa. Mama anasema akiba ya nyumbani imekwisha. Mimi nataka kuwa mchezaji wa kulipwa, sina ndoto nyingine. Nimewaambatanishia daftari langu la mechi zote. Nifanyeje?

Mdogo wenu

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Tumelisoma daftari lako ukurasa kwa ukurasa, na tutalirudia sana hapa chini. Lakini kuna mambo mawili yasiyoweza kusubiri, tuanze nayo.

La kwanza ni mgongo. Kijana wa umri wako mwenye maumivu ya upande mmoja chini ya mgongo, yanayokuja akijipinda nyuma, na yaliyodumu miezi 2, huyo hatakiwi kupiga sevu hata moja mpaka daktari wa michezo amwone. Sevu hupinda uti wa mgongo nyuma na kuuzungusha kwa wakati mmoja, na mzigo huo huangukia kipande chembamba cha mfupa nyuma ya pingili za chini. Ukirudiwa mno bila mapumziko, mfupa huo huanza kuchoka na kupata ufa. Ufa wa namna hii ukiwa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida ya eksirei, kwa hiyo mwambie daktari waziwazi kwamba wewe ni mchezaji wa tenisi na uulize kuhusu kipimo cha MRI. Kama ni misuli tu, utarudi haraka. Kama ni mfupa, ukiuwahi utakaa nje wiki kadhaa au miezi michache kisha utapona vizuri. Ukiuendesha kwa vidonge, ufa unaweza kukataa kuunga. Vidonge ulivyokuwa ukimeza havitibu kitu hapo. Vinazima kengele tu huku moto unaendelea.

Usivimeze tena kabla ya mechi. Na kabla hujameza kitu kingine chochote, iwe dawa au virutubisho, kilinganishe na orodha ya vitu vilivyokatazwa, kwa sababu sasa uko chini ya kanuni za dawa za kusisimua misuli sawa na bingwa wa Wimbledon. Mwaka 2024 Iga Świątek, aliyekuwa namba 1 duniani, alikubali kufungiwa mwezi 1 baada ya vidonge vyake vya usingizi vya melatonin kubainika kuwa vilichanganyika kiwandani na trimetazidine, dawa ya moyo iliyokatazwa. Yeye alikuwa na wanasheria na maabara za kumsaidia kuthibitisha hilo. Wewe huna.

La pili ni ule ujumbe. Kutomjibu ulifanya vyema, ila hakujamaliza kazi. Kanuni za kupambana na rushwa katika tenisi zinakutaka uripoti kila unapofuatwa, na kukaa kimya peke yake ni kosa, hata kama hukupokea senti. Leo hii piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa. Usifute, usijibu, usimtukane, usimzuie kabla hujahifadhi. Kisha ripoti kwa ITIA, chombo cha kimataifa cha uadilifu wa tenisi, kupitia tovuti yao. Na kama uko mashindanoni, mtafute pia msimamizi wa mashindano umwambie ana kwa ana. Eleza na kwa nini umechelewa wiki nzima. Wanaelewa woga wa mchezaji mgeni, ila uwahi kabla wao hawajakufikia kwa njia nyingine.

Dola 2,000 zile zimepimwa makusudi. Tumepiga hesabu ya droo kuu zako 8 kwa mgawo wa M15: raundi ya kwanza dola 156, mara 4, raundi ya pili dola 258, mara 3, robo fainali dola 438. Jumla dola 1,836 kabla ya kodi, kwa miezi 8. Watu hawa wanajua hesabu hiyo kuliko wewe, ndiyo maana huwafuata wachezaji wa ngazi yako. Na ukishatoa seti moja, wanao ushahidi juu yako. Seti ya pili hawataiomba, wataiamuru. Adhabu hufika kufungiwa maisha na faini ya hadi dola 250,000. Jihadhari pia na lile linaloonekana dogo: rafiki anayeuliza kama mgongo bado unauma kabla ya mechi yako. Habari ya maumivu ambayo watu hawaijui ni mali kwa anayeweka dau, na kuitoa kwa ajili hiyo ni kosa vilevile. Funga njia ya kupokea ujumbe kutoka kwa watu usiowafuata. Itakupunguzia na matusi ya wacheza kamari baada ya kila mechi.

Sasa tuje kwenye daftari.

Wewe umehesabu ushindi na kushindwa kwa ujumla, 24 kwa 22, ukaona ni mchezaji wa katikati asiyekwenda popote. Sisi tulizipanga mechi zako upya kwa wiki za safari, na picha ikawa nyingine kabisa. Wiki ya kwanza na ya pili za safari zote 5, ulishinda mechi 18 ukapoteza 10. Wiki ya tatu ulishinda 4 ukapoteza 5. Wiki ya nne na ya tano ulishinda 2 tu, ukapoteza 7. Na kati ya mara 8 ulizoingia droo kuu, 7 zilikuwa wiki ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo daftari lina wachezaji wawili ndani yake: mmoja anayekaribia ushindi 2 kwa kila kipigo 1, na mwingine aliyekwisha nguvu ambaye anaendelea kulipiwa hoteli.

Sababu zimo humohumo. Mwili umepungua kilo 3. Nyuzi ni zilezile ulizoondoka nazo, isipokuwa zilizokatika. Mgongo umekaza. Hata maneno yako yanabadilika: wiki ya kwanza unaandika "anapokea vibaya upande wa kushoto, nimpige huko", wiki ya tano unaandika "sikuwepo". Kisha unarudi nyumbani, kesho yake tu unaanza kujiadhibu kwa sevu 150 kila siku, unaondoka tena ukiwa umechoka kuliko ulivyorudi. Hapo ndipo mgongo ulipoharibikia. Mechi ndefu ya seti 3 huwa na sevu kama 100. Wewe mazoezini ulikuwa unacheza zaidi ya mechi ndefu kila siku, bila siku ya kupumzika.

Mwendo wako ni wa mashindano 33 kwa mwaka. Tunakushauri 21. Igawe hivi: vipindi 7 vya wiki 3 za mashindano, kila kimoja kikifuatwa na wiki 4 za nyumbani. Hizo ni wiki 49. Zinabaki 3, ambazo raketi hazitoki kwenye begi. Katika zile wiki 4 za nyumbani, ya kwanza anza na siku 4 bila tenisi kabisa, kisha kuogelea, baiskeli, na kurekebisha yale yaliyojitokeza safarini. Ya pili na ya tatu ndizo za kazi: nguvu za miguu, kiuno na nyuma ya bega mara 3 kwa wiki, na badiliko moja tu la kiufundi, si matatu. Ya nne punguza wingi, cheza seti za kweli zenye hesabu, funga nyuzi, pumzika. Daktari akikuruhusu sevu, anza na 30 kwa siku, siku 3 kwa wiki, nusu nguvu. Ongeza kidogo kila wiki mpaka ufike 60 hadi 80, siku 4 kwa wiki, na ziandike daftarini kama unavyoandika matokeo. Mgongo ukiuma kesho yake, rudi kwenye idadi ya wiki iliyotangulia.

Kuna swali utakalojiuliza safarini: wiki ya pili nimefika nusu fainali, nina moto, je, nicheze ya tatu? Kanuni yetu ni mechi 9. Ukishacheza mechi 9 za mchezaji mmoja mmoja ndani ya wiki 2, ya tatu iache. Wachezaji wengi huumia wiki inayofuata ushindi mkubwa, kwa sababu hakuna mtu anayekubali kupumzika akiwa anashinda.

Wiki 3 hizo zicheze mahali pamoja. Monastir kule Tunisia, Antalya kule Uturuki na Sharm El Sheikh kule Misri zimekuwa zikiandaa M15 wiki baada ya wiki. Tiketi moja ya ndege, kitanda kimoja, uwanja unaoujua, na mtu mmoja wa kukufungia nyuzi. Kuruka nchi hadi nchi kila Jumapili kunakula siku ya mazoezi na siku ya usingizi, na hulipwi kwa hayo.

Kuhusu kujiandikisha, tumeona mara 3 ulikaa nje kwenye orodha ya wanaosubiri mpaka ukasafiri bila uhakika. Orodha hufungwa Alhamisi saa 14:00 kwa saa za GMT, siku 18 kabla ya Jumatatu ya mashindano. Muda wa kujitoa bila adhabu ni hadi Jumanne saa 14:00 GMT, siku 13 kabla. Jiandikishe kwenye mashindano kadhaa ya wiki hiyohiyo kwa mpangilio wa unayoyataka kwanza. Alhamisi jioni orodha zikitoka, usiangalie nafasi yako tu, angalia waliomo: hesabu ni wangapi wanakuzidi pointi kwa mbali. Kisha kabla ya Jumanne amua. Msimamizi wa mashindano hana huruma na anayejitoa Jumatano kwa sababu ameona droo ngumu. Na soma karatasi ya taarifa ya mashindano yote, mpaka mstari wa mwisho: aina ya uwanja, chapa ya mipira, saa ya kujisajili kwa mchujo. Kuna watu husafiri nusu ya dunia wakakosa mchujo kwa kuchelewa dirisha la usajili.

Bado wewe ni mchezaji wa M15, usiharakie M25, ngazi inayofuata. Ukipata ushindi 2 kwa kipigo 1 kwa vipindi 2 mfululizo, ndipo upande ngazi. Kumbuka pia pointi za ATP huishi wiki 52. Zile 2 za robo fainali zitaondoka wiki ileile mwakani, hata kama umelala kitandani. Usizikimbilie kuzilinda. Pointi 5 si kitu cha kulinda kwa mgongo mbovu. Bingwa wa M15 mmoja anapata 15 kwa wiki moja.

Zile taibreka 7. Hapa tunadhani ndipo pointi zako nyingi zimelala. Umeandika alama za kila moja, na katika 5 kati ya hizo 7 ulianza kwa kupoteza pointi 3 za kwanza. Taibreka ya pointi 10 si seti fupi ya kuingia nayo taratibu. Anayeanza hupiga sevu 1, kisha kila mmoja 2-2, na mnabadilishana upande kila baada ya pointi 6. Ukiwa nyuma 0–3, mwenzako anahitaji kukaa sawa nawe tu mpaka mwisho.

Kabla yake una sekunde 120 za mapumziko, na wewe umeandika kwamba hukaa umejifunika taulo kichwani. Tumia sekunde hizo hivi: kunywa, kausha mikono, badilisha raketi uchukue yenye nyuzi mpya zaidi. Ikifika sekunde ya 60 soma kikaratasi ulichokiandika usiku uliotangulia, chenye mistari miwili tu: sevu yangu ya kwanza inakwenda wapi, na nikipokea sevu yake ya pili nitairudisha wapi. Sekunde ya 90 uwe umesimama, unarukaruka. Pointi 4 za kwanza usibuni kitu. Sevu iende mwilini au upande wake dhaifu kwa nguvu ya robo tatu, mradi iingie. Mpira wa kupokea uende katikati na ndani, si kwenye mstari. Mpinzani naye ana woga, mpe nafasi ya kukosea.

Nyumbani, mara 2 kwa wiki, mwisho wa mazoezi ukiwa umechoka kabisa, cheza taibreka 3 za pointi 10, na mwenzako aanze akiongoza 2–0. Na safarini cheza wawili wawili. Daftari lina mara 3 tu. Fedha zake ni ndogo, lakini huko gemu ikifika sare ya 40–40 huamuliwa kwa pointi moja, na seti ya tatu huwa ni hiyohiyo taibreka ya 10, mbele ya mwamuzi, kwa bei ya kiingilio ulichokwisha kulipa. Mpange mwenza kabla hujaondoka nyumbani; ukifika bila mwenza utabaki bila.

Nyuzi. Kilo 26 za poliesta unazongojea zikatike ni kosa la pande mbili. Poliesta hufa kabla ya kukatika: baada ya saa 8 hadi 10 za mchezo imeshalegea na imepoteza uhai, mpira unaruka usikokusudia, nawe unafidia kwa kutumia mkono na mgongo. Ikiwa mpya kwa kilo 26, ni ngumu kama ubao. Shuka hadi 23 au 24. Kwenye miinuko mirefu, ambako mpira unaruka sana, ongeza kilo 1. Kwenye baridi punguza 1. Nunua gurudumu la mita 200: raketi moja inakula kama mita 12, kwa hiyo unapata raketi 16, na uwanjani unalipia ufundi tu. Tafuta raketi ya tatu ya aina ileile, hata iliyotumika, mradi uzito upishane na zako kwa gramu chache tu. Moja ni ya mechi ya leo, imefungwa jana au leo. Ya pili ni akiba yake, mkazo uleule. Ya tatu ni ya mazoezi, hiyo ndiyo inyonywe mpaka ikatike. Bandika utepe mdogo kwenye shingo ya kila raketi, uandike tarehe na mkazo. Utashangaa ulikuwa unacheza na nyuzi za lini.

Kilo 3 zinazopotea si jasho pekee, jasho hurudi kwa siku moja. Ni chakula. Mechini kula wanga gramu 30 hadi 60 kila saa, kidogokidogo wakati wa kubadilishana upande: ndizi, tende, kinywaji chenye sukari na chumvi. Pima uzito kabla na baada ya mechi. Kwa kila kilo 1 iliyopungua kunywa karibu lita 1 na nusu ndani ya saa chache. Ndani ya saa 1 baada ya mechi kula wanga gramu 1 kwa kila kilo ya mwili wako, yaani kama gramu 74, pamoja na protini gramu 20 hivi. Wachezaji wengi wakishindwa mechi hukosa hamu ya kula. Huo ndio mlo usiotakiwa kuukosa. Pima uzito kila Jumatatu asubuhi. Ukishuka kilo 1 na nusu chini ya 74, siku hiyo hamna mazoezi ya jioni, kuna kula.

Kocha kutosafiri nawe ni hali ya wengi. Tafuta wachezaji wengine 2 wa ngazi yako mgawane kocha mmoja kwa wiki 3. Ikishindikana, funga simu kwenye uzio nyuma ya mstari wa mwisho, na umtumie kocha wako gemu 4 tu ulizopoteza sevu, si mechi nzima. Mechi nzima hataitazama.

Sasa chuo. Kwa heshima zote kwa mzee wako, mwelezee hivi. Cameron Norrie alichezea Texas Christian University kabla ya kufika namba 8 duniani. Ben Shelton alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2022 akiwa Florida, na Januari 2023 alifika robo fainali ya Australian Open. Na kuhusu kuharakia mafanikio: Ons Jabeur alitwaa taji la wasichana French Open mwaka 2011, akaingia 100 bora mwaka 2017. Miaka 6, kwa mchezaji aliyekuja kucheza fainali za Wimbledon. Ngazi ya chini ya tenisi hailipi mtu mshahara. Mpango wa ATP ulioanza 2024 wa kuhakikisha kipato cha chini unawagusa walio ndani ya nafasi 250 za kwanza. Aliyepoteza mechi yake ya kwanza ya mchujo wa US Open 2024 aliondoka na dola 25,000; bingwa wa M15 anaondoka na 2,160. Kati ya hapo na pale kuna miaka, na miaka hiyo lazima mtu ailipie. Mama yako ameshasema nani hawezi tena.

Kwa hiyo maoni yetu: kama ufadhili ni kamili, nenda. Utapata kocha kila siku, mtaalamu wa viungo kila siku, chumba cha mazoezi, nyuzi, na mechi ngumu, na wakati wa likizo ya kiangazi utacheza vipindi 2 vya wiki 3 kama tulivyovieleza. Mgongo wako unahitaji hayo kuliko unavyohitaji pointi. Kama ufadhili ni nusu na nyumbani watatakiwa kujaza, au kama kocha wa chuo ataka ucheze sevu nzito Agosti ileile bila kusikiliza daktari, basi jibu letu linageuka.

Kabla ya kusema ndiyo, mwandikie kocha wa chuo leo, umwombe akuunganishe na ofisi ya chuo inayosimamia utii wa kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na majibu yote uyapate kwa maandishi. Waulize: ufadhili unalipia nini hasa, karo, malazi, chakula, bima ya afya na tiketi, na unahuishwa kwa masharti gani kila mwaka? Nimepokea dola 1,836 za zawadi na gharama zangu zilizidi hapo, je, hilo lina athari? Hapa waambatanishie orodha ya mashindano 22 na risiti ulizonazo, kwa sababu kanuni za fedha za zawadi zimekuwa zikibadilika na unachosimuliwa na mchezaji wa miaka iliyopita huenda hakifanyi kazi tena. Miezi niliyokaa tangu nimalize sekondari inanipunguzia misimu mingapi? Naruhusiwa kucheza mashindano mangapi ya kulipwa katikati ya mwaka wa masomo? Mpaka wakujibu, usisaini chochote na wakala, hata karatasi ya kurasa mbili anayosema ni ya makubaliano ya awali tu. Na waeleze kuhusu mgongo wako kabla hawajauona wenyewe, pamoja na ripoti ya daktari. Jibu lao kwenye hilo moja litakuonyesha wanamtaka mchezaji wa msimu mmoja au wa miaka minne.